Pale Panapofungwa Leso

Mama mkwe wangu na mimi tuliishi miaka mingi bila kutazamana. Watu wa bara nikiwaeleza hili hudhani tulikuwa na ugomvi. La, tulipendana sana, na huko kutotazamana ndiko kulikokuwa kupendana kwenyewe. Kwetu Udigoni, katika miaka ya hamsini, mkwe alikuwa mtu wa kuheshimiwa kwa kukimbiwa. Nikimwona anakuja njiani naingia vichakani. Akiniona yeye kwanza, anajitanda leso na kugeukia upande wa pili, utadhani kuna mtu amemwita huko. Hatukula pamoja, hatukupeana mikono, na maneno yetu yote yalipitia ukutani, yeye ndani na mimi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Baiskeli hazijambo?"

Nilikuwa fundi baiskeli pale Ukunda, na yeye aliziulizia hali kila siku, maana aliona si adabu kumsalimia mtu ukawaacha watu wake. Nami nilimjibu kwamba hazijambo, ila moja imeamka na homa ya mnyororo. Nikamsikia akicheka kule ndani. Sikuwahi kuyaona meno yake vizuri, lakini kicheko chake nakijua hadi leo.

Huyo ndiye aliyenifundisha kupiga gitaa. Alinifundisha kupitia ukuta wa udongo, na yeye mwenyewe hakuwahi kulishika gitaa maishani mwake.

Mwenye gitaa alikuwa mumewe, baba mkwe wangu, mpishi katika mojawapo ya nyumba za Wazungu zilizokuwa ufuoni Diani. Alilinunua Mombasa enzi za ujana wake. Alikwenda nalo kazini na kurudi nalo, na mchana kazi ikipungua alikaa nyuma ya jiko akalipiga. Mkanda wake ulikuwa utepe uliochanwa kwenye leso kuukuu ya mkewe, umefungwa kichwani mwa gitaa na kupitishwa begani. Kila alasiri alirudi kwa njia ya miguu katikati ya minazi akipiga wimbo mmoja usio na maneno, na wimbo huo haukuwa na kazi nyingine ila kumwambia mkewe, niko karibu. Mama mkwe akiusikia tu, anaepua maji jikoni, anayapeleka msalani, yaani bafu lao la makuti nyuma ya nyumba, kisha anapiga ukelele unaofika hadi kwa majirani: "Maji yashatiwa!"

Mke wangu alikulia katikati ya sauti hizo. Kwanza adhana ya alasiri, kisha gitaa, kisha maji yashatiwa. Aliniambia kwamba alipokuwa mtoto alidhani nyumba zote duniani ziko hivyo, na alipokwenda kulala kwa shangazi yake mara ya kwanza alikaa kizingitini akisubiri ukelele mpaka usingizi ukamchukua.

Mzee hakunifundisha. Nilimwomba, naye akaniambia nimpigie kwanza ninachokijua. Nilichokijua nilikuwa nimefundishwa na utingo mmoja wa lori la nazi, mtu wa Matuga, mwenye vidole vinene na majivuno mengi. Alinionyesha sauti tano, tsano kama tusemavyo kwetu, zote zikiwa mwanzoni mwa shingo ya gitaa, karibu na kichwa. Ile nafasi baina ya chuma na chuma tuliiita chumba, na utingo alinihakikishia kwamba vyumba vitatu vya kwanza vinamtosha mtu mpaka siku ya kuzikwa kwake. Nyimbo nyingi tulizokuwa nazo hazikuhitaji sauti ya sita, na mtu akiitia ilisikika kama mgeni aliyeingia bila hodi. Basi nikampigia mzee sauti zangu tano, kwenda na kurudi, upesi upesi ili anione fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "wewe unakaa mlangoni. Nyumba kubwa hiyo. Ingia ndani."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Niliona amenitukana, tena mbele ya mke wangu, nikapanda baiskeli yangu kurudi Ukunda bila hata kunywa chai. Sikuelewa alichoniambia, na yeye hakukirudia.

Miaka hiyo ya hamsini ilikuwa inakwisha alipofariki. Mama mkwe akakaa eda, na mke wangu akahamia kwake ili amtunze. Mimi nikabaki Ukunda na kazi yangu, na kila alasiri nikifunga kibanda nakwenda Diani kuwaona. Eda ikaisha. Mama mkwe akavua nguo nyeupe, akaanza kutoka nje, akafagia uwanja na kutembelea wagonjwa. Watu wakasema ameshukuru Mungu, amepoa.

Lakini hakuimba. Huyu alikuwa mwanamke wa kuimba. Alikuna nazi akiimba, alichagua mchele akiimba, hata kuku aliwafukuza kwa kuimba. Sasa mbuzi ya kukunia ilisikika peke yake, kwaru, kwaru, kwaru, na mke wangu alikuwa akiikimbia sauti hiyo. Baiskeli bado aliziulizia. Nikimjibu mzaha, alisema "Alhamdulillahi" na kunyamaza.

Kaka yake, mvuvi wa Vanga, alikuwa amekwisha kusema kwamba atakuja kumchukua mfungo ukikaribia, ili Ramadhani imkute kwao, miongoni mwa ndugu zake. Hakuna aliyempinga. Ndivyo ilivyotakiwa, na yeye alikuwa mtu mwema. Ila Vanga wakati ule ilikuwa mbali. Njia yenyewe ilikuwa mashimo na mikoko, na mvua zikinyesha mtu wa huko alikuwa wa huko. Mke wangu aliniambia, tukiwa tumekaa kando ya kisima, "Akienda hivi alivyo, amenyamaza hivi, nitakuwa nimewazika wote wawili." Nilimpenda mke wangu kupita kiasi, na kumwona vile kuliniuma.

Alasiri moja, baada ya salamu na hali za baiskeli, sauti ya mama mkwe ikaja ukutani.

"Baba, lile gitaa la mzee lichukue. Ni lako."

"Ahsante, mama. Mungu akuweke."

"Lakini kabla sijakwenda Vanga, nipigie ile yake ya kurudi nyumbani. Mara moja tu. Nataka niisikie kisha niende."

Nilikubali papo hapo, tena kwa mbwembwe. Wimbo wenyewe nilikuwa nimeusikia mara nyingi, na ulikuwa wa sauti zile zile tano nilizopewa na utingo. Niliona ni kazi ya kupigia magoti mara moja na kuinuka. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, nikachambua waya wa breki nikaweka. Kesho yake nikakaa barazani, mgongo ukiwa umeegemea ukuta, mke wangu kizingitini baina yetu, nikapiga. Sikukosea hata mahali pamoja.

Mama mkwe akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayekataa chakula bila kumuudhi mpishi.

"Nyimbo ndiyo hiyo. Lakini siye."

"Siye vipi, mama?"

"Siye yeye. Huyo anayepiga hapo ni fundi baiskeli."

Mke wangu aliinamia leso yake asicheke. Mimi nilikuwa nimekwisha kupandwa na damu, lakini kwa mkwe mtu hapandwi na damu, hujikunyata tu. Nikajaribu kwa kasi zaidi. Siye. Nikajaribu polepole, nikajaribu kwa nguvu, nikajaribu kwa kuugusa uzi kwa ncha ya ukucha. Alinishukuru kila mara, na kila mara akasema siye. Kwa siku kadhaa tulikwenda hivyo, na nikirudi Ukunda jioni nilikanyaga pedali kwa hasira hata mnyororo ukatoka.

Mwisho akaamua kunisaidia.

"Baba, tatizo ni hapo unaposhika. Mzee hakuwa akishika huko."

"Alikuwa akishika wapi, mama?"

"Pale panapofungwa leso," akasema.

Nililitazama gitaa. Leso ilikuwa imefungwa kichwani, pale pale nyuma ya chumba cha kwanza, na fundo lake limekuwa jeusi kwa jasho la mzee. Nikasogeza mkono wangu kuelekea kichwani kadiri nilivyoweza, vidole vikabanana kwenye chumba cha kwanza, nikapiga.

"Bado, baba. Umezidi kwenda mbali."

"Nipo penye leso, mama."

"Hupo."

"Nipo, mama, naigusa kwa kidole hiki hapa."

"Pale panapofungwa leso, baba!"

"Ndipo nilipo, mama!"

Nadhani ndiyo mara pekee mimi na mama mkwe wangu tuliyowahi kupandishiana sauti. Tukaona haya sote, na mke wangu akaja na chai. Nilipokuwa nikiinywa nikautazama mchicha uliootea nyuma ya nyumba, kando ya msala. Ilikuwa kaskazi kali, ardhi imepasuka, mihogo ya majirani imekunjamana, na mchicha ule ulikuwa wa kijani hata ukawa unang'aa. Nikamsifu mke wangu kwa bidii yake. Akanitazama kwa namna nisiyoielewa, akachukua kikombe.

Nikaamua kulijua gitaa lile kwa mapana na marefu, kwani hasira yangu ilikuwa imegeuka kuwa ubishi, na ubishi ni mwalimu wangu wa siku zote. Nililiweka kibandani, na kila baiskeli moja ikiondoka na nyingine haijafika, nalishika. Nikaacha kupiga nyuzi zote pamoja. Nikachukua uzi mmoja peke yake na kuzitafuta sauti zangu tano juu yake, kutoka kichwani hadi kule shingo inapokwisha. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo. Mlangoni kwa utingo sauti zilikuwa zimebanana zikigusana mabega. Kwenye uzi mmoja zilikaa mbalimbali, hapa ruka chumba kimoja, hapa ruka viwili, na kidole kililazimika kusafiri. Mara ya kwanza nilipotea hata nikalitukana gitaa mbele ya mteja. Baadaye kidole kikaanza kuijua njia, na nikaenda kwenye uzi wa pili, ambako njia ilikuwa ile ile lakini ilianzia penginepo.

Hapo ndipo nilipogundua jambo lililonifanya nimsimamishe mpita njia nimwambie, naye akaniona nina kichaa. Sauti moja ina nyumba nyingi. Ile niliyoipiga kwenye uzi mwembamba bila kushika popote, ipo pia kwenye uzi unaoufuata ukipanda vyumba kadhaa, ipo tena kwenye uzi mwingine ukipanda zaidi, na ipo hata kwenye uzi mnene kule mbali kabisa. Ni sauti ile ile, huwezi kusema hii ni ya juu na ile ni ya chini. Lakini si sauti ile ile. Kwenye uzi mwembamba inalia wazi na kali. Kwenye uzi mnene inatoka na pumzi, kama mtu anayesema nawe karibu.

Nilimweleza mke wangu alasiri ile kwamba sauti moja ina nyumba nne, na katika kila nyumba inatoka na uso mwingine.

"Nyumba nne," akasema. "Kama mwanamume aliyeoa wanne. Ukimwona asubuhi unajua kalala wapi."

"Hasa!"

"Basi usiwe unajifunza mambo kwenye gitaa, wewe."

Nikaanza kujichezea. Siku moja wimbo wa mzee niliuanzia katikati ya shingo, kesho yake niliupiga kwenye nyuzi mbili tu, siku nyingine nikaanza na sauti ya tatu nikazunguka mpaka nirudi kwake. Vidole vilivyokuwa vimezoea mlangoni vikawa vinaingia ndani, chumba baada ya chumba, na mara nyingi nilimkumbuka mzee na chai yake niliyoikataa. Laiti ningekuwa nimekaa nikainywa.

Siku moja pale barazani, nikijipitishia muda tu, niliupiga wimbo katikati ya shingo. Ukuta ukagongwa.

"Hapo! Hapo anakaribia!"

Nami, kwa utiifu wangu na upumbavu wangu, nikakumbuka leso, nikarudisha mkono haraka kule kichwani.

"Ah," akasema mama mkwe. "Keshaondoka tena."

Ikaja habari kwamba kaka yake ameshaanza safari kutoka Vanga. Watu walikuwa wanajitayarisha kuvunja jungu, kila nyumba ikinunua na kupika kabla mwezi wa mfungo haujaandama, na mimi nilikuwa bado fundi baiskeli. Alasiri hiyo mama mkwe hakusema hata siye. Alisema, "Basi, baba. Umejitahidi. Mungu atakulipa." Maneno hayo yalinivunja kuliko matusi. Niliweka gitaa chini na sikuona aibu kumwambia mke wangu kwamba nimeshindwa.

Mke wangu akainuka, akaingia kwa mamake. Nikawasikia wakinong'ona. Nikamsikia mke wangu akiuliza, "Mama, leso ipi?" Kisha kunong'ona tena, kirefu. Halafu mke wangu akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba, akatoka nje akishika ukuta, akajaribu kusema akashindwa, akakaa chini mchangani.

"Mwambie asicheke!" mama mkwe akalia kutoka ndani. Mimi sikuwa nikicheka, nilikuwa nimetoa macho tu.

"Leso," mke wangu akasema alipopata pumzi. "Leso hufungwa wapi?"

Nikamwonyesha kichwa cha gitaa.

"Siyo ya gitaa! Ya mtu. Ya mwanamke. Mimi hapa, leso yangu nimeifunga wapi?"

Alikuwa ameifunga kifuani, chini ya makwapa, kama wafungavyo wanawake wote wa kwetu wakiwa nyumbani. Nikalitazama gitaa. Lina kichwa, lina shingo, lina kiuno, na pale shingo inapokutana na sanduku lake ni kifua. Sisi wapigaji tulivitaja viungo hivyo mchana kutwa bila kufikiri. Lakini mama mkwe wangu, mtu ambaye hakuweza kuniangalia usoni, angewezaje kunitamkia neno kifua? Angenitumiaje salamu za kiuno? Alikuwa ametafuta njia ya heshima, akaipata, na heshima ile ikanipeleka upande wa pili kabisa wa gitaa.

Sikucheka. Nilisikia kumpenda mama yule. Nikaupeleka mkono kule kifuani, nikazitafuta sauti zangu tano kwenye nyuzi nene, zile nyumba za mbali ambazo nilikuwa nazijua sasa, na nikaupiga wimbo.

Sauti iliyotoka ilinishtua mimi mwenyewe. Ilikuwa nzito na ya karibu, na mwisho wa kila pigo kulikuwa na pumzi. Mke wangu aliacha kucheka.

"Ndiye," mama mkwe akasema. "Ila ana haraka. Na kikapu kiko wapi?"

"Kikapu gani, mama?"

Ndipo alipotusimulia. Mzee alirudi kila siku na kikapu, ndani yake vichwa vya samaki na ncha za mikate kutoka jikoni kwa Mzungu, na alikitundika kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto ili vidole vibaki huru. Kikapu kilikuwa kizito. Kiwiko chenye kikapu hakiwezi kunyooka, na mkono usionyooka haufiki kichwani mwa gitaa. Basi mzee akazitafuta sauti zake pale mkono ulipofikia, kifuani, na akazikuta zote tano zinamngoja. Mimi nilikuwa nimedhani ni ufundi wa ajabu alionificha. Ulikuwa uzito wa vichwa vya samaki, ambavyo mke wangu alikuwa akivila kila jioni.

Kesho yake ilikuwa ndiyo siku ya mwisho, maana kaka yake mama mkwe alitarajiwa asubuhi iliyofuata. Nilifunga kibanda mapema. Niliazima kikapu kwa muuza matunda, nikatia ndani minyororo miwili na pedali mbovu mpaka kikawa na uzito wa haki. Baiskeli nikaiacha Ukunda. Nikaenda kwa miguu hadi njia ya minazi, nikangoja adhana ikaisha, nikatundika kikapu kwenye kiwiko, nikapitisha utepe wa leso begani, nikaanza kutembea.

Kikapu kilinifundisha yaliyobaki. Kiliyumba, na huwezi kupiga upesi huku kiwiko kinayumba. Lazima usubiri kirudi. Kumbe wimbo ule ulikuwa na mwendo wa kikapu ndani yake. Hatua, sauti, kikapu kinakwenda. Hatua, sauti, kikapu kinarudi. Vidole vyangu vilikuwa pale pale kifuani na havikutaka kwenda kwingine. Nilipita mnazi ulioinama, nikapita uwanja wa jirani, na watoto waliokuwa wakicheza wakasimama na kutazama njia. Paa la nyumba likaanza kuonekana.

"Maji yashatiwa!"

Alikuwa mama mkwe, nyuma ya nyumba, na ukelele wake ulikuwa mkubwa, kama wa mwanamke kijana. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti ile. Mimi nilikuwa mkwe, na nikiwapo hakupiga ukelele; mama yule aliniwekea sauti ya ukutani miaka yote. Miguu yangu ilitaka kusimama. Sikuiruhusu. Niliendelea kupiga mpaka uwanjani, kwa sababu mzee angefika mpaka uwanjani.

Mke wangu alikuwa kizingitini, machozi yanamtiririka na hayafuti. Alininyooshea kidole upande wa msala.

"Niende?" nikamwuliza. Mama mkwe kumtilia maji mkwewe ni jambo ambalo kwetu halikuwahi kusikika.

"Nenda. Yatapoa."

Niliweka gitaa na kikapu barazani, nikazunguka nyuma. Mlangoni mwa msala niliona ule mchicha wa kijani, na ndani palikuwa na ndoo iliyojaa, kata ya kifuu ikielea juu, kipande cha sabuni, na taulo kuukuu ya mzee imetundikwa kwenye kuti. Mvuke ulikuwa ukitoka. Nikageuka, mke wangu alikuwa amenifuata.

"Ameyatia saa ngapi?" nikauliza. "Hata sijafika."

"Huyatia kila siku," akasema. "Tangu siku ile ya kwanza ulipokaa barazani ukapiga. Kila alasiri anayapasha moto, anayaleta hapa, anangoja. Ukimaliza, akaona siye, anayamwagia mchicha. Alinikataza nisikwambie."

Akaniacha. Nilisimama mbele ya ndoo ile muda kidogo, nikiwaza siku zote nilizokasirika kwenye pedali na huku ndani kuna mtu anawasha moto upya. Kisha nikavua shati, nikachota kata ya kwanza nikajimwagia. Maji yalikuwa na uvuguvugu mzuri, wa kumtoa mtu uchovu wa jiko. Upande wa pili wa makuti nikasikia mbuzi ya kukunia ikianza, kwaru, kwaru, na juu yake mama mkwe wangu akiimba.